Mkono wa Shangazi

Kwa miaka arubaini na moja Bi Kheiria aliamini kwamba kanda ile imepotea, na kila mwaka alizidi kumshukuru Mungu kwa kupotea kwake. Nyumba ikiingia msiba vitu vingi hupotea: funguo, viatu vya wageni, vijiko vya watu. Kwa nini kanda isipotee? Aliitafuta wiki nzima chini ya mito na nyuma ya makabati asiione, mwisho akajipa moyo kwamba watoto wa jirani wameiokota wakarikodia nyimbo zao.

Halafu, mwezi wa pili baada ya kufa kakake Nassor huko Uingereza, simu ikalia jikoni kwake Al Amerat, nje kidogo ya Maskati. Alikuwa Harub, mtoto wa marehemu, ambaye tangu achukuliwe mchanga mwaka wa themanini na nne hajatia tena mguu Maskati. Walizoea kusikilizana sikukuu kwa sikukuu, Idi njema na wewe pia, basi.

"Shangazi, sanduku la kanda la Baba limekuja kwangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Unaikumbuka ile unayotwanga ngano? Uani, Sidab?"

"Kanda gani, mwanangu?"

"Ile Bibi aliyompa mtu aliyekuja huku na habari za msiba. Baba alikuwa akiisikiliza kila Jumapili. Mimi nimejifunza ngoma kwa kanda ile, shangazi. Kwa mkono wako."

Kheiria akakaa juu ya gunia la mchele. Nassor alikuwa nayo. Nassor aliisikiliza kila Jumapili, na miaka yote hiyo hakumwambia dadake hata neno moja.

Wasiojua watauliza kanda ina nini hata mtu mzima akae juu ya gunia. Enzi hizo, kwa watu waliotawanyika Unguja, Maskati na Uingereza, barua ilikuwa kanda. Mtu hukaa mbele ya mashine ya kurikodia akasalimu watu thelathini kwa majina yao, akakohoa, akasalimu tena. Nassor, aliyekuwa Portsmouth anasomea mitambo ya meli, alichoka na salamu. Akaomba kitu kimoja: wiki mara moja wamuwekee mashine uani, waibonyeze, waiwache iende mpaka ikatike yenyewe. Alitaka kuisikia nyumba. Basi wakawa wanampelekea nyumba: adhana ya Sidab, mtaa wao wa pwani, kuku, mamake akigombana na muuza samaki, na mchi ukipiga kwenye kinu.

Mkewe Hind ndiye hakusikika. Alikuwa na haya na mashine, ikiwashwa tu anafunga mdomo. Na baada ya kumzaa Harub alifunga mdomo hata mashine ikizimwa. Hali, halali, anakaa kumtazama mtoto kama mtu anayetazama kitu cha watu alichoachiwa. Mama mkwe aliona mambo si mambo. Siku aliyokwenda Matrah kwenye hitima alimsimamisha Kheiria mlangoni akamwambia, "Usimwache peke yake hata akienda chooni. Umenisikia?" Kheiria, mwenye miaka ishirini na tisa na masikio mazima, alisikia.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho wa tamthilia ya Kimisri iliyoitoa roho Sidab nzima. Miezi mitatu wanawake walikuwa wakibishana kama yule bwana atamwoa binti maskini au hamwoi. Televisheni ya nyumbani mama alikuwa ameifungia kabatini, kelele zake zinamsumbua Hind. Ya jirani ilikuwa nyumba ya tatu.

Kheiria aliwasha mashine, akamsalimu kakake, akasema leo tunatwanga ngano ya bokoboko, akaanza kutwanga. Alitwanga dakika nne. Halafu akamwita Hind kwa mkono. Kwa mkono, si kwa mdomo, maana mashine ilikuwa inasikia na hakutaka Nassor ajue. Wakapokezana mchi kama wanavyopokezana wanawake, pigo halikukatika. Akamwonyesha kidole kimoja, yaani sasa hivi nnarudi, akavua viatu asisikike, akatoka.

Aliporudi kanda ilikuwa inakatika. Mtoto analia, mchi umelazwa kando ya kinu, Hind hayupo. Mlango wa nyuma, unaoteremkia baharini, ulikuwa wazi. Bahari ilimrudisha Hind kesho yake asubuhi.

Kwa waombolezaji Kheiria alisema hivi: Hind alikuwa chumbani na mtoto, mimi nilikuwa uani natwanga, nikatwanga mpaka nikamaliza, nikaingia kusali Alasiri, na alipotoka mimi nilikuwa kwenye sala. Nani atamlaumu mtu aliye kwenye sala? Mamake alimkumbatia. Njia ya mwongo fupi, husema watu, lakini hii ya Kheiria ilikuwa imeshakwenda miaka arubaini na moja na ilikuwa bado inakwenda. Aliirudia kila mwaka siku ya kumsomea Hind, mpaka binti yake Noof akaijua kama anavyojua Fatiha.

*

Harub alifika Jumapili. Alikuwa jibaba lenye kipaji cha uso cha Nassor na kope nzito za Hind, na vidole visivyojua kutulia: vilipiga mkanda wa gari, vilipiga meza, vilipiga sahani kabla ya wali kuingia. Alhamisi alikuwa na onyesho katika ukumbi mmoja wa mjini. Kabla ya hapo, alisema, kuna kazi ya studio, na kazi yenyewe ni shangazi.

"Shikamoo shangazi," alisema, akambusu kipaji cha uso. Kheiria aliitikia marahaba huku akitazama begi lake, kama kanda itatoka humo itembee.

Wakati wa chakula alieleza maisha yake, na Noof akamchimba kwa maswali maana alikuwa akijivunia binamu anayeandikwa magazetini. Alianzia kwenye kopo la biskuti, sakafuni Portsmouth, Jumapili, babake kakaa kwenye kiti kafumba macho na kanda inakwenda. Kopo likawa ngoma ya shule. Ngoma ya shule ikampeleka London akiwa na miaka kumi na minane, kupiga jazi kwenye vyumba vya chini vya baa, nyuma ya wapiga saksofoni waliomsahau jina. Kisha hawakumsahau tena. Kisha wakaanza kumwita awatengenezee sahani zao za muziki, akawa prodyuza, mtu wa kukaa usiku na mchana mbele ya kompyuta akihamisha pigo moja upana wa unywele. Ametoa albamu zake nne. Moja ilipata tuzo.

"Unajua wanaandika nini juu yangu?" alisema. "Wanaandika, mkono wake wa kushoto unachelewa kama mgeni anayejua kwamba atangojwa. Hakuna mwengine Uingereza anayechelewa hivi. Wanauliza nimejifunza kwa nani. Nawaambia, kwa shangazi yangu Maskati. Albamu ya tano inaitwa Mkono wa Shangazi."

"Mama!" Noof akapiga makofi. "Na wewe umekaa kimya tu!"

Harub akatoa simu, akaiweka katikati ya sahani ya samaki na sahani ya ndimu, akabonyeza. Sauti ya msichana ikatoka, kavu, ya haraka: kaka yangu, hii ni sauti ya nyumba yako, sote wazima, leo tunatwanga ngano. Kheiria hakuitambua. Halafu mchi ukaanza, na mchi aliutambua.

"Sikiliza hapa mwanzo. Unatwanga kama askari kwenye gwaride, samahani shangazi. Moja mbili, moja mbili." Harub alikuwa amefumba macho kama babake. "Sasa dakika ya nne. Sasa! Umesikia? Umelegea. Pigo moja zito, moja linachelewa. Mkono umepata moto. Kutoka hapa ndipo maisha yangu yote yalipotoka."

Kheiria alisema ndiyo, mtu akitwanga sana mkono hulegea. Meza nzima ilikuwa inamsikiliza Hind akifanya kazi, na ni yeye peke yake aliyejua.

"Na Baba," Harub akasema, akazima simu, "hospitali, siku zile za mwisho, alinishika mkono hapa. Akasema, nenda Maskati, mwambie shangazi yako akutwangie ngano mbele yako. Usikie mwenyewe. Nikamwambia, Baba, si ninayo kanda? Akasema hapana, mbele yako. Alirudia mara tatu."

"Masikini, alikuwa anatamani nyumbani," Noof alisema na macho yakamjaa machozi.

Kheiria naye akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, ya woga. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nassor aliishi na Hind miaka mitatu kabla ya kusafiri, kila Ijumaa Hind alimtwangia. Mwanamume aliyelala nyumba moja na mchi ule angeukosaje? Alijua tangu siku ya kwanza kanda ilipomfikia. Hakugombana, hakuuliza, hakurudi. Aliagiza apelekewe mtoto wake, akanyamaza, na sasa amekufa amemtuma mtoto huyo huyo aje kuuliza, naye mtoto mwenyewe hajui kwamba anauliza.

*

Kwanza alisingizia mkono. Una baridi yabisi, alisema, hata kukamua ndimu siwezi. Harub akamhurumia, akasema hata dakika tano zitatosha, Jumatano mchana, watakwenda kwa gari, atakaa kwenye kiti mpaka kila kitu kiwe tayari. Noof akakumbuka kwamba kile kinu cha Sidab bado kipo stoo na mchi wake. Harub alipokiona alipiga magoti mbele yake akakigusagusa pembeni, akatoa mlio, akacheka peke yake.

Basi Kheiria akaamua. Kama wanataka mkono ule, atawapa mkono ule. Jumatatu asubuhi, Noof kaenda kazini na Harub kalala hotelini, aliweka simu juu ya friji akafungua muziki wa Harub kama Noof alivyomwonyesha. Saksofoni alimwachia mwenyewe. Alisikiliza ngoma tu, mkono wa kushoto tu, ule unaochelewa. Akamimina ngano kwenye kinu. Akatwanga.

Si kazi ndogo kujifunza mkono wa mtu. Ukiufikiria unakimbia, ukiusahau unarudi wako. Miaka sitini ya kutwanga kama askari haitoki kwa asubuhi moja. Jasho lilimshuka mgongoni, na mara nyingine, mapigo mawili matatu, alipatia: mchi ukashuka, ukasita kidogo hewani, ukashuka tena na uzito wa mtu aliyechoka kuishi. Ikimjia hivyo nywele zilimsimama, akaacha, akageuka kutazama mlango wa nyuma wa jiko. Ulikuwa umefungwa. Alikwenda kuutia komeo hata hivyo.

Jumanne akatwanga tena, na Jumatano alfajiri akatwanga tena. Noof akatoka chumbani na mswaki mdomoni.

"Mama, si ulisema mkono hauwezi hata ndimu?"

"Nnaunyoosha," Kheiria akajibu.

Noof akacheka akamwambia Harub kwenye simu kwamba shangazi yake anajifanya mgonjwa kumbe anafanya mazoezi kama mchezaji mpira. Baada ya hapo hapakuwa tena na kisingizio. Wakapakia kinu nyuma ya gari, wakapanda barabara ya mlima na kuteremkia upande wa pili, jua la saa sita limepiga majabali mpaka yamekuwa meupe. Harub njia nzima alikuwa akipiga kwenye goti lake mkono wa mamake, na Kheiria alikaa nyuma yake anahesabu.

*

Studio ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo moja Ghala, bila madirisha, na mlango wa nyuma wa kupitishia vyombo, kuta zimefunikwa masponji. Fundi wake alikuwa Sammy, Mkenya wa Nakuru, kijana mpole mwenye miwani aliyemwekea Kheiria zulia chini ya miguu.

"Karibu sana, mama. Simama hapa tu, hizi mikrofoni zisikutishe. Utavaa hedfoni, utasikia ile kanda yako ya zamani. Wewe twanga juu yake, polepole, kama uko nyumbani."

"Juu yake?" Kheiria aliuliza. Hilo hakulitegemea. Alidhani atatwanga peke yake.

"Shangazi wa leo na shangazi wa zamani, pamoja," Harub alisema. Alikuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, vijiti mapajani, anameremeta kama mtoto siku ya Idi. "Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo albamu yote hiyo, shangazi. Ndiyo kila kitu."

Noof alikaa kwenye kochi nyuma ya kioo, pamoja na Sammy na mashine zake. Kheiria akavaa hedfoni. Msichana akamsalimu kakake. Ngano ikamiminwa. Mchi wa kanda ukapiga na mchi wa Kheiria ukapiga, na lilikuwa pigo moja.

Hilo lilimshangaza hata yeye. Miaka arubaini na moja, mifupa imebadilika, lakini mkono ulikutana na mwenyewe kama mtu na kioo. Hakuna pigo lililotangulia wala lililobaki nyuma. Harub alifungua mdomo akatazama kioo, Sammy akamwonyesha dole gumba. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kheiria alianza kuomba moyoni. Ya Rabbi, nisitiri leo tu.

Dakika ya nne mchi wa kanda ukabadilika mkono.

Akajaribu. Aliuchelewesha wa kwake kama alivyojifunza, akausitisha hewani, akaushusha. Lakini jikoni alikuwa akimfuata Harub, na huyu hakuwa Harub, huyu alikuwa Hind mwenyewe, na Hind hakuchelewa palepale kila mara. Alichelewa anapotaka. Kheiria alipongoja, Hind alikwishapiga. Alipowahi, Hind alikuwa bado. Mapigo mawili yakawa manne, yakagongana kinuni, ngano ikaruka nje, na kila alipomkimbilia Hind alikuwa mbele kidogo au nyuma kidogo. Akasimama.

"Mkono umechoka," alisema. "N'shakwambieni."

Sauti ya Sammy ikaja kwenye spika kutoka nyuma ya kioo. "Bosi, kuna kitu naona hapa. Mpaka dakika ya nne mama na kanda ni mtu mmoja kabisa, hata kwenye skrini huwezi kuwatenganisha. Halafu hapa mbele ni watu wawili."

"Amechoka," Harub alisema.

"Mtu akichoka anaenda polepole, bosi. Hageuki kuwa mtu mwingine. Hata kwenye kanda yenyewe, kabla na baada ya dakika ya nne, si mkono mmoja. Mimi nilidhani unajua."

Harub aliweka vijiti chini. Akapiga kwenye goti, kwa kiganja, moja mbili, moja mbili, kisha ule mwengine, kisha akarudi wa kwanza. Kheiria alimwona akisikia. Alimwona usoni, jinsi kitu alichokijua tangu utotoni kilivyokuwa kinajipindua.

"Nyumbani alikuwepo nani siku ile?" Harub aliuliza. "Bibi?"

Kheiria alikuwa anatafuta jina, jina lolote, jirani, mfanyakazi, lakini Noof alikuwa ameshafungua mlango wa kioo na ameshajibu, roho yake safi. "Bibi alikuwa Matrah kwenye hitima. Mama hutuhadithia kila mwaka. Walikuwa wawili tu, Mama na mamako."

Harub alikuwa na picha moja tu ya mamake, ya harusini, uso umegeuzwa pembeni. Sauti yake hakuwa nayo. Aliwahi kuwaambia watu wa magazeti kwamba mama yake hakuacha hata kikohozi.

"Ni Mama," alisema. Halafu akalisema tena kwa nguvu, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Ni Mama! Shangazi, ni Mama huyu! Tangu nina miaka mitatu nampiga Mama!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka mpaka ndevuni. Akaja akamkumbatia Kheiria na mchi wake, akambusu mikono yote miwili. "Kwa nini hukuniambia?"

Kheiria aliona mlango umefunguka mahali alipodhani ni ukuta. Mtoto alikuwa na furaha. Mtoto amempata mamake. Kumbe inaweza kwisha hivi.

"Nimesahau, mwanangu," alisema, na sauti ilitoka vizuri. "Tulikuwa tukipokezana. Mamako alitoka chumbani akanipokea, nikakaa pale pale pembeni yake nikapumzika. Alikuwa na mkono mzuri, Hind. Halafu akaniachia mchi nikaenda kusali."

"Pale pale pembeni yake."

"Pale pale."

Harub akapangusa uso kwa shati. "Sammy, usizime. Weka kwenye spika kubwa. Nataka kumsikia anavyomaliza. Baba alikuwa akizima mchi ukisimama tu, kila Jumapili, anasema basi. Na mimi nikazoea. Sijapata kusikia mbele."

"Zima, mwanangu," Kheiria alisema. "Twendeni, mkono unaniuma."

"Kidogo tu, shangazi."

Hind akajaa chumba kizima. Alitwanga mpaka dakika ya kumi na tisa, pigo zito na pigo linalosita, na Harub alisimama katikati ya masponji mikono imening'inia, hata kidole hakikutikisika. Kisha mchi ukakoma. Haukutupwa. Ulisikika ukilazwa sakafuni taratibu, kama mtu anavyolaza mtoto aliyelala. Miguu mitupu ikapita karibu na mashine. Bawaba ya mlango ikalia.

"Zimebaki dakika kumi na moja," Sammy alisema kwa sauti ndogo.

Mtoto akaanza kulia.

Mwanzo alilia kwa hasira, kama watoto wote. Kheiria alisubiri, kama wote waliosubiri mle ndani, asikie mtu akija kumchukua. Hakuja mtu. Kilio kikapanda, kikawa cha njaa, kikawa cha woga, kikakauka kikawa kwikwi, kikaanza upya. Kheiria hakuwahi kukisikia. Hilo ndilo lililomkata maini: miaka yote aliusimulia mchana ule na hakuujua, kwa sababu hakuwepo. Alikuwa nyumba ya tatu, kakaa juu ya mkeka na wanawake wenzake, na sahani ya tende inapita.

Noof alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alikuwa na watoto watatu. "Mama," alisema, "hukumsikia?"

"Nilikuwa kwenye sala."

"Sala gani ya dakika zote hizi?"

Kheiria alimtazama Harub, na Harub alikuwa anamtazama yeye, si kwa chuki, kwa kungoja, kama mtu anayesikiliza pigo lichelewe halafu lishuke. Bado angeweza kusema. Neno moja lingetosha, kabla kanda haijasema yenyewe. Aliogopa, akajiambia kwamba mwisho wa kanda hauna kitu, ni kilio tu, kilio kitakwisha na mashine itakatika.

Dakika ya ishirini na tisa mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. Viatu vikaburura uani, vya mtu anayekimbia kwa furaha, na juu ya kilio cha mtoto ikaja sauti ya msichana, ile ile iliyomsalimu kakake, sasa inacheka mpaka inakatika pumzi.

"Hind! Hind, wee! Kamwoa! Mwisho kamwoa!"

Mashine ikakatika.

Sammy alivua miwani akainama. Maneno yale Kheiria alikuwa ameyasahau kabisa, na sasa aliyakumbuka na harufu ya uani na yote, na akajua kwamba Nassor aliyasikia kila Jumapili, peke yake, Harub akishalala.

Harub akamjia. Kheiria alifumba macho, maana alidhani atampiga, na kwa kweli angeshukuru. Harub aliutoa mchi mkononi mwake, kidole kimoja kimoja, akapiga goti, akaulaza kando ya kinu taratibu, kama mamake alivyoulaza. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakuufunga.